Visigino vya Baba

12 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungeanza wewe. Huku tunapumua. Shemeji yako amestaafu udereva lakini bado anaamka alfajiri na kukaa ukingoni mwa kitanda akisubiri zamu ambayo haipo. Mimi nimepewa darasa la watoto sitini na wawili, nawafundisha historia wengine wakiwa wamekaa dirishani. Gazeti limechapisha barua yangu juu ya wale wanaouza maji yanayoponya kila kitu. Wameikata nusu. Nusu iliyobaki bado inauma.

Naandika, sipigi simu, kwa sababu nakujua. Kwenye simu kila nikifika penye ukweli mtandao wako unakatika. Karatasi haina mtandao.

Wifi ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mimi. Anasema kazini kwenu mlipopimwa afya walikukuta na kolesteroli nane nukta nne, wakati mwisho ni tano, daktari akakuandikia statini, dawa ya kuishusha, na wewe ukaikunja karatasi ukaiweka chini ya mawe yako ya mizani, ndani ya lile sanduku la mbao. Hii ni wiki ya tano. Alipokuuliza ukamjibu, "Siumwi popote."

Unajua nani mwingine alisema hivyo? Asubuhi ile Baba alibeba mlango mzima begani kutoka karakana mpaka kwenye gari la mteja. Mama akamwambia apumzike, akajibu kwa maneno hayohayo. Kabla ya saa sita alikuwa amelala kwenye maranda, randa bado iko mkononi. Miaka hamsini na mbili na siku kumi na tisa. Watu wakaja msibani wakasema karogwa, kalishwa kitu, kuna mtu alimwonea wivu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilitamani kuwatoa nje mmoja mmoja. Mishipa ya mtu inaziba kidogo kidogo kwa miaka thelathini, sisi tunatafuta adui wa jana.

Kolesteroli haiumi. Ingekuwa jino ungekuwa umelala mlangoni kwa daktari. Mafuta haya yanajibandika ndani ya mshipa kimya kimya, na siku yakipiga kelele mara nyingi ndiyo siku ya mwisho ya kuyasikia.

Mwezi wa kumi unatimiza hamsini na mbili. Mimi naweza kuhesabu, na najua na wewe unahesabu. Itoe hiyo karatasi chini ya mawe.

Dada yako


3 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika, na wifi yako aliifungua kabla yangu. Sasa anatembea ndani ya nyumba kama mtu aliyeshinda kesi. Binti yetu na mumewe hawajambo, mtoto wao ameota meno mawili na anayajaribu kwenye vidole vya kila mgeni.

Kazini ni vilevile. Juzi nilimkuta muuza nyama kabandika sumaku chini ya sahani ya mizani. Nikaigeuza mbele ya wateja wake. Akaniambia, "Gramu, wewe siku moja utakufa peke yako." Unajua wananiita Gramu sokoni kote. Nikamwambia afadhali kufa peke yangu kuliko kula nyama ya sumaku.

Sasa hilo lako. Nilikwenda. Daktari ni binti mdogo, umri wa mwanangu. Nikamwambia, "Daktari, sisi mashine isiyopiga kelele hatuifungui." Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mkaguzi wa mizani. Akasema, "Mizani inayopunja huwa inapiga kelele?"

Nikamwambia haipigi.

"Basi meza dawa, mzee."

Mzee, mimi. Nameza tangu siku hiyo, kidonge kimoja kila jioni baada ya kula.

Akaniuliza na habari za Baba. Nikamweleza kifo chake, nikamweleza na vile vinundu nyuma ya visigino vyake, alivyokuwa akivisugua kwa jiwe kila Jumapili akidhani ni sugu. Yule binti akaacha kuandika. Akaniambia nivue viatu. Mimi sina vinundu. Akasema mafuta yakiwa mengi tangu utotoni yanaweza kujikusanya kwenye kano za kisigino, na hali hiyo hurithiwa, kwa hiyo ndugu wote wapime.

Ndugu wote ni wewe. Umepima?

Mdogo wako


26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Umenifurahisha mpaka nimemsomea shemeji yako habari ya sumaku mara mbili. Mpe hongera huyo daktari. Madaktari wengi wanakuandikia dawa ya maisha yako yote kwa sekunde thelathini bila kuinua macho, kisha wanashangaa mgonjwa kaitupa. Huyo alikuuliza kazi yako. Ningekuwa na uwezo ningemfanya waziri.

Huku hatujambo. Nimenunua viatu vipya vya kwenda shule, vyeusi, vya kufunika. Mvua imeharibu bati la jikoni na shemeji yako amepanda kulitengeneza, na sasa tunahitaji fundi wa kutengeneza alichotengeneza.

Nimegombana na jirani. Anauza unga wa kitunguu saumu kwenye chupa za dawa ya kikohozi, anaapa kwamba unaosha mafuta mwilini kama sabuni, na mama mmoja hapa mtaani ameacha statini zake kwa ajili ya unga huo. Nikamuuliza, "Umempima nani kabla, ukampima nani baada?" Akasema ananiombea. Sina ugomvi na kitunguu saumu, nakipenda sana kwenye mchuzi. Nina ugomvi na mtu anayechukua dawa iliyopimwa kwa maelfu ya watu na kuweka mahali pake neno la kinywa chake.

Na wengine wanaonichosha ni hawa wanaosema kolesteroli ni ulafi. Kula vizuri kunasaidia, kutembea kunasaidia, punguza hizo nyama za kukaanga. Lakini Baba alikuwa mwembamba kama ubao aliokuwa akiuranda. Hakula ugonjwa ule, alizaliwa nao.

Wewe shika haya: ukiumwa misuli bila sababu, mwambie daktari. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda siku hiyohiyo. Balungi liache mpaka umuulize, maana linagombana na baadhi ya dawa hizi. Usijiamulie kitu.

Kuhusu mengine uliyouliza, karatasi imekwisha.

Dada yako


10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Karatasi imekwisha, lakini upande wa nyuma ulikuwa mtupu. Niliugeuza.

Tuko salama. Mjukuu ana meno manne. Ofisini wametuhamishia ghorofa ya tatu, na mimi na sanduku langu la mawe tunazijua sasa ngazi zote kwa majina.

Habari njema hii hapa. Nilirudi kupima: tano nukta moja. Kutoka nane nukta nne, Dada. Nilimwomba fundi wa maabara anionyeshe mashine yake imehakikiwa lini, akanionyesha kibandiko, tarehe ni halali. Kwa hiyo namba ni ya kweli. Daktari alikuwa likizo, lakini namba naweza kuisoma mwenyewe. Nimeirekebisha, nimeipiga lakiri, kazi imekwisha. Wifi yako alipika siku hiyo kama kuna harusi.

Mwezi wa kumi na moja, nitakapofikisha siku za Baba, hauniogopeshi tena.

Wewe je? Nauliza mara ya pili.

Mdogo wako


4 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, hatujambo, bati bado linavuja.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Mara ya pili nilimsomea shemeji yako. Mara ya tatu niliisoma kama ninavyosoma insha ya mwanafunzi aliyejibu vizuri mno, nikasimama kwenye sentensi moja. "Nimeipiga lakiri, kazi imekwisha." Maana yake nini?

Nakufahamu tangu hujajua kutembea. Ukirekebisha mizani ya duka unakaza skrubu, unapitisha waya, unaubana na kile kipande cha madini ya risasi kwa koleo lako, ndiyo lakiri, unaandika tarehe na unaondoka mpaka mwakani. Niambie hukufanya hivyo kwa moyo wako.

Jibu neno moja tu: unameza au humezi?

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo.

Simezi. Yaani nilikuwa simezi, sasa nameza. Tulia niseme kwa mpangilio.

Siku ile namba ilipotoka tano nukta moja nilikwenda nyumbani nikaweka dawa kabatini kwa roho safi kabisa. Sikuona kama ninaacha dawa. Niliona nimemaliza kazi. Miaka ishirini na sita nafanya hivyo: mizani ikisoma sawa, unaifunga, hakuna mtu anayesimama pale kuikaza kila siku. Na kuna lingine nilikuficha. Mapaja yalikuwa yakiniuma nikipanda zile ngazi. Nikajiambia afadhali yapumzike. Ulinionya, nikajifanya sikusoma.

Barua yako ilinikuta nimeacha wiki nne. Nikaenda kupima nikiwa na hakika ya kukuaibisha. Nane nukta moja.

Nilikwenda duka la dawa kugombana, nikidhani wameniuzia chaki. Mfamasia ni bonge la mtu, ana kalamu nyuma ya kila sikio. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akavuta mizani yake ya sahani mbili, ile ya kizamani anayoiweka kama pambo, akaweka chupa upande mmoja, upande ukashuka. Kisha akabonyeza upande wa pili kwa kidole mpaka zikalingana.

"Zimelingana, bwana mkaguzi?"

"Zimelingana."

"Haya, piga lakiri."

Akatoa kidole. Chupa ikashuka, pu.

"Dawa ni kidole," akasema. "Wewe ulidhani ni skrubu."

Dada, mbele ya foleni nzima. Mama mmoja akacheka mpaka akakaa. Na ndivyo ilivyo: ini letu haliondoi mafuta kwenye damu inavyotakiwa, wala haliachi tabia hiyo kwa sababu mwezi mmoja umelisaidia. Nilirudi kwa daktari, nikamweleza na mapaja. Akapima damu, akasema hakuna cha kutisha, akanibadilishia statini ya aina nyingine. Sasa napanda ngazi bila kulalamika, isipokuwa kwa sababu ya uzee tu.

Nimekiri yangu yote. Zamu yako.

Harusi ya binti yangu, mwaka juzi. Muziki ulipokolea, wanawake wote mlivua viatu mkacheza. Wewe peke yako ulicheza na viatu. Nilidhani ni maringo ya mwalimu. Kisha nimekumbuka kwamba tangu umri wa miaka thelathini sijakuona na kandambili, hata uani kwako, hata siku ya joto. Na kwenye barua unaniambia umenunua viatu vya kufunika, kana kwamba ni habari.

Mimi sikagui duka moja nikaruka la jirani. Vua viatu, Dada.

Mdogo wako


20 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimengoja wiki tano. Simu anapokea shemeji, anasema uko bafuni. Hakuna mtu anayeoga hivyo.

Kama nimekuumiza, nisamehe namna nilivyosema. Nilichosema sikiondoi.

Wifi yako anakusalimu. Nameza kila jioni.

Mdogo wako


23 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikuwa naoga.

Nikuanzie na miwani. Ilivunjika wiki ile barua yako ya Juni ilipofika, nami kwa haraka yangu nikampa shemeji yako anisomee. Akasoma vizuri, akaigiza na sauti ya mfamasia, tukacheka. Akafika kwenye harusi. Akaendelea kusoma polepole. Akafika kwenye kandambili. Akaweka karatasi mezani, akapiga magoti kwa ule mgongo wake, akanivua kiatu kimoja kisha cha pili.

"Si uliniambia ni sugu za viatu vya shule vinavyokubana?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Miaka yote hii?"

"Soma barua, baba watoto."

"Barua imekwisha," akasema. Akabaki pale chini ameshika visigino vyangu, dereva wangu huyu asiyejua kutengeneza bati.

Ninavyo, mdogo wangu. Viwili kila upande, kama vya Baba. Niliviona nikiwa na miaka thelathini na moja na siku hiyohiyo nikanunua viatu vya kufunika. Unanijua mimi nasoma kila kitu. Nimesoma juu ya moyo, juu ya ini, juu ya makampuni ya dawa na hila zao. Lakini nikifika penye neno kurithi nafunua ukurasa. Nimegombana na muuza vitunguu barabarani, nimekuandikia wewe amri kama jenerali, na mimi mwenyewe sijawahi kunyoosha mkono nitolewe damu. Hii si kusahau. Nilikuwa naogopa, na woga wangu ulikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo watu wakaudhania ujasiri.

Kuna siku sijawahi kumwambia mtu. Nilipofikisha umri wa Baba, miaka hamsini na mbili na siku kumi na tisa, niliingia darasani nikawapa watoto mtihani wa ghafla ili pawe kimya. Nikakaa mbele nikisikiliza moyo wangu mpaka kengele. Kesho yake nikawasahihishia wote kwa ukali, masikini, na nikajiona nimepona. Nilipiga lakiri na mimi.

Baada ya barua yako nilikaa wiki sita nikikuchukia. Ya saba nikaenda. Nane nukta tisa. Nimekushinda, kama kawaida. Daktari wangu ni mzee na hapendi kuzungumza, lakini alipoona visigino alisimama. Amenipima moyo, kuna mshipa mmoja umeanza kupungua njia, si sana. Amesema nimechelewa, ila sijachelewa mno. Nimemwambia arudie sentensi ya mwisho. Akairudia.

Nimeanza statini tarehe nne. Nilisoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi chote, na kufika usiku nilikuwa naumwa kila kitu kilichoandikwa pale, pamoja na vitu viwili ambavyo havikuandikwa. Shemeji yako akakichukua kikaratasi akakificha. Asubuhi maumivu yote yakawa yamepotea.

Nimeandika gazetini pia, juu ya visigino hivi, kwa jina langu. Sikumtukana mtu. Wameichapisha nzima.

Dada yako


7 Novemba

Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya ziada kwa ile barua ya gazeti. Mfamasia ameikata na kuibandika kwenye kioo cha duka lake. Amepigia mstari neno visigino. Jana mwanamke mmoja aliisoma, akainama pale pale mlangoni kujitazama.

Wifi yako mzima. Mjukuu anatembea, na kila kitu cha chini tumekihamishia juu. Binti yetu naye alipimwa mwezi uliopita, yeye yuko chini ya tano. Mdogo wake ni juma lijalo. Tumeanza kuwakagua wote, duka kwa duka.

Damu yangu sasa ni nne nukta tisa. Sikupiga lakiri. Nimechukua kipande kimoja cha risasi kazini, hakijabanwa, nimekiweka juu ya boksi la dawa. Kila jioni nikikiona kiko wazi, nameza.

Jana nilikuwa na umri wa Baba. Nilikwenda kazini. Nilikagua maduka manne, nikapanda ngazi zetu na sanduku, nikapumzika ghorofa ya pili kwa makusudi, nikaendelea. Sikukaa kusikiliza moyo. Nilikuwa na kelele za muuza nyama, ana mizani mpya na anataka nimsifu.

Leo asubuhi nimeitoa randa ya Baba kabatini. Mama aliniachia na sijawahi kuigusa zaidi ya kuifuta vumbi. Nimeiweka kwenye mizani yangu ya kazi. Kilo mbili na gramu mia moja na arobaini. Nilikaa pale nikishangaa, maana toka nina miaka kumi na sita nimekuwa nikidhani ni nzito sana, kitu kisichobebeka. Nimeibeba kwa mkono mmoja mpaka dirishani, nimeinoa, na nimeranda ule mlango wa jikoni uliokuwa unagoma kufunga. Sasa unafunga.

Hesabu ni hii, Dada: leo nimempita kwa siku moja. Wewe ulishampita zamani. Kuanzia leo Baba ni mdogo wetu sote wawili.

Njooni Desemba. Mwambie shemeji asilete vifaa vya bati. Na wewe uje na kandambili.

Mdogo wako